Usipokijua cheo cha mwanajeshi, mwite afande

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowatatiza raia wengi kuliko wanavyokubali, nalo ni namna ya kumwita mwanajeshi ambaye cheo chake hatukijui. Nimeongoza shule ya msingi kwa miaka mingi mkoani Morogoro, mahali ambapo vikosi vya jeshi ni majirani wa kudumu na watoto wa wanajeshi hukaa dawati moja na watoto wa wakulima na wafanyabiashara. Kwa hiyo nimewapokea wanajeshi wakiwa wazazi na wakiwa wageni rasmi, na nimewasikia wakiitwa kila jina: mkuu, bosi, kamanda, mjeda, chifu, mzee, na hata Kanali kwa kijana ambaye begani hana zaidi ya nyota mbili.

Msimamo wangu ni kwamba asiyekijua cheo aseme "afande", kisha asikiguse cheo mpaka atakapoambiwa. Kama jina limeshonwa kifuani na linasomeka, aliongeze: Afande fulani. Hapo atakuwa ametimiza adabu yote ambayo raia anadaiwa, na hakuna mwanajeshi wa nchi hii, awe praiveti aliyemaliza mafunzo jana au jenerali, atakayeona amevunjiwa heshima.

Nguvu ya neno hilo ni kwamba halitaji daraja lolote. Haikuwa hivyo siku zote. Katika King's African Rifles, jeshi la mkoloni ambalo babu zetu walilijua kwa jina la KAR, Waingereza waliunda katika miaka ya 1950 daraja lililoitwa Effendi, neno ambalo ndilo chimbuko la afande yetu, kwa ajili ya askari Waafrika ambao hawakuwa tayari kuwapa kamisheni kamili, yaani uafisa kamili, na Idi Amin wa Uganda alilifikia mwaka 1959, miaka miwili kabla ya kuwa luteni. Tanganyika Rifles, mrithi wa KAR upande wetu, ilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Leo ukiipitia orodha ya vyeo kuanzia praiveti, koplo na sajini, ukapanda kwa maafisa wateule, ukafika kwa luteni usu na kuendelea hadi juu kabisa, hutaikuta afande mahali popote. Imebaki kuwa neno la heshima tupu, ndiyo maana raia anaweza kulitumia bila kumpandisha wala kumshusha mtu.

Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wetu wanaoiga filamu huingia katika matatizo ambayo Kiswahili kilishayamaliza. Katika jeshi la Uingereza, afisa mwanamume huitwa "Sir" na mwanamke "Ma'am", ilhali sajini huitwa kwa cheo chake. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, sajini akiitwa "Sir" huwa mwepesi wa kumsahihisha msemaji kwa maneno makali, kwa kuwa kwake hilo ni neno la maafisa. Raia wa nchi hizo analazimika kwanza atambue kama anayeongea naye ni afisa au si afisa, tena kama ni mwanamume au mwanamke, ndipo afungue kinywa. Sisi hatuna mzigo huo. Waganda nao wanalitumia neno hilohilo la afande mbele ya jina la mwanajeshi, na Wakenya hulitumia kwa mwanajeshi na polisi sawasawa, hivyo msafiri wa Afrika Mashariki anaweza kuvuka mipaka na adabu yake ileile mfukoni.

Suala la wanawake linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu ndipo tunapokosea kwa wepesi na tukiamini kwamba tunafanya ucheshi. Mwaka 2024 Kenya ilimteua Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed kuwa Kamanda wa Jeshi la Anga, na hapa kwetu wanawake wenye kamisheni si wageni tena katika kikosi chochote, lakini bado mwanamke aliyevaa kombati akisimama dirishani katika ofisi ya umma ataitwa dada, mrembo, au "mama" na karani aliyelingana naye umri. Nakumbuka mzazi mmoja, sajini, aliyetoka kazini moja kwa moja kuja kumchukua mwanawe aliyekuwa na homa. Mwalimu wa zamu, kijana mwenye bashasha nyingi, alimpokea kwa maneno "karibu mrembo wa jeshi". Yule mama hakupaza sauti. Alisema kwamba pale shuleni yeye ni mama Neema, na kwa mavazi aliyovaa ni afande, basi mwalimu achague moja kati ya hayo mawili. Mwalimu alichagua "afande", akamletea kiti, na mambo yakaenda vizuri.

Katika jibu la mama yule mna kanuni nzuri kuliko ambayo ningeweza kuitunga mimi. Mwanajeshi aliyekuja kwenye kikao cha wazazi na shati lake la kawaida ni baba au mama wa mtoto fulani, na hapana ulazima wa kumtangaza mbele ya wenzake kwamba ni mwanajeshi. Wengine hawapendi hata majirani wajue kikosi wanachofanyia kazi, nao wana sababu zao. Lakini akiwa na sare, hata kama amekuja kwa shida yake binafsi, lile vazi linazungumza kwanza. Tumwite afande, kisha akitaka kutushusha kwenye ujirani, aanze yeye.

Lipo pia suala la shikamoo, ambalo wageni hawalijui na sisi wenyewe huliacha lijitatue. Umri na cheo havitembei pamoja. Luteni usu wa miaka ishirini na kitu anaweza kuwa anamwongoza sajinitaji mwenye umri wa baba yake, na mwalimu mwenye mvi kama mimi anaweza kusimamishwa getini na askari aliyemfundisha kusoma. Je, nimwamkie? La hasha. Shikamoo ni ya umri na haihusiani na nyota za begani, hivyo kijana atamwamkia mwanajeshi aliyemzidi umri kwa kusema "shikamoo afande", naye ataitikia "marahaba" kama mzee mwingine yeyote, na mzee atamsalimu mwanajeshi kijana kwa "habari za kazi, afande" bila kujidhalilisha. Kosa ninaloliona kwa wazee wenzangu liko upande wa pili: kumwita "mwanangu" au "kijana" askari aliye katika zamu, mbele ya wenzake. Nyumbani kwako, akiwa amekuja kukusalimu sikukuu, ni mwanao na atafurahi kuitwa hivyo. Getini akiwa na silaha begani, ukimwita mwanangu unamtaka aonekane mtoto mahali ambapo amepewa dhamana, na hata kama hatasema neno, atakuwa amekuona.

Wala raia hana haja ya kupiga saluti. Saluti ina taratibu zake, nani aianze, nani aijibu, kofia ikiwa kichwani au la, na raia anayeinua mkono kwenye paji la uso kwa mzaha humtia mwanajeshi katika hali ya kutojua amjibuje. Salamu ya mdomo inatosha.

Sasa nije kwenye kukisia cheo, jambo ambalo naliona ni baya kuliko kukosea neno la heshima. Wengi wetu tumejifunza mitaani kwamba tepe ni za askari na nyota ni za maafisa, kwamba tepe mbili ni koplo na tatu ni sajini, kwamba nyota tatu ni kapteni. Elimu hiyo si mbaya, ila inamtosha mtu kujiamini tu, haimtoshi kuwa sahihi. Mfumo wenyewe una mitego. Luteni yuko chini ya meja, kati yao yuko kapteni. Lakini Luteni Jenerali yuko juu ya Meja Jenerali. Kapteni wa jeshi la nchi kavu ni afisa mwenye nyota tatu, ilhali katika mfumo wa wanamaji Kapteni analingana na Kanali. Mtu aliyeona alama kwa umbali wa hatua kumi, jua likimpiga machoni, asijidai kuyapambanua hayo.

Katika mahafali ya darasa la saba ya mwaka mmoja tulimwalika Mkuu wa Kikosi cha jirani, naye kwa kubanwa na majukumu akamtuma afisa amwakilishe. Mshereheshaji tuliyemkodi alikuwa na ratiba iliyochapishwa kabla, yenye cheo cha Mkuu wa Kikosi, na badala ya kumwendea mgeni chini ya turubai na kumuuliza, alimtangaza kwa kipaza sauti, mara tatu, kuwa ni Kanali. Mgeni aliposimama kuhutubia, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba yeye ni Kapteni, na Kanali ni mkuu wake aliyemtuma. Wazazi walicheka wakidhani ni unyenyekevu. Yeye hakucheka, wala dereva wake, koplo aliyesimama kando ya gari, hakucheka. Raia tunaona kwamba kumwongezea mtu cheo ni kumpa sifa, kama vile kumwita daktari mtu mwenye shahada ya kwanza. Lakini jeshini cheo hutolewa na mamlaka, kwa hati na kwa tarehe inayojulikana, na afisa anayekubali kuitwa kwa cheo cha mkuu wake mbele ya askari wake amejiweka pabaya. Kapteni yule hakuwa na njia ila kusahihisha hadharani, na aibu ile tulimsababishia sisi wenyeji. Mshereheshaji alipotaka kurekebisha mambo ndipo alipoharibu zaidi, kwani kuanzia hapo hadi mwisho wa sherehe alimwita "kamanda wetu".

Kamanda ni neno zuri lililochakaa kwa kutumika ovyo. Vijana wa vijiweni wanaitana hivyo, wafuasi wa siasa wanaitana hivyo, na sasa kila mwenye sare anapachikwa. Lakini kwa wenyewe kamanda ni mtu aliyekabidhiwa kitu cha kuongoza: kuna Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kuna kamanda wa operesheni, na upande wa Zanzibar, katika KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kinachofuata vyeo vya wanamaji, Kamanda na Luteni Kamanda ni vyeo kamili. "Mkuu" nayo ina ugonjwa huohuo. Mkuu wa Kikosi yupo mmoja katika kikosi, na kumwita mkuu kila askari unayekutana naye hapo ni kumwekea mwenye nafasi yake wapinzani asiowajua. Kuhusu "mjeda" sina maneno mengi. Ni neno la utani la watu wanaojuana, likibaki huko halina ubaya, ila kumwambia mtu usoni ni ujuvi. "Soja" ni mbaya zaidi, maana kwa jirani zetu Wakenya soja ni mlinzi wa getini.

Najua kuna watakaosema kwamba afande nayo imechafuka. Sipingi. Barabarani neno hilo limekuwa la kuombea msamaha. Dereva aliyesimamishwa na trafiki hulivuta, "afandeee", akicheka huku mkono uko mfukoni, na abiria wote wanaelewa kinachotafutwa. Wapo pia waliolizoea kwa woga, hasa wenye kumbukumbu za operesheni mbalimbali, wanaolitamka huku wakirudi nyuma. Lakini uchafu huo umo katika sauti. Vijana waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, iwe kwa kujitolea au kwa mujibu wa sheria utaratibu uliporejeshwa mwaka 2013, hulisema kwa namna nyingine kabisa: fupi, wazi, uso umeinuliwa. Hivyo ndivyo linavyopaswa kusemwa na raia, kama mtu mzima anayemwita mtu mzima mwenzake mwenye kazi yake.

Katika maandishi mambo ni tofauti kidogo, na hapa afande haifai. Barua rasmi haimwendei mtu, inaiendea ofisi. Andika Mkuu wa Kikosi, namba ya kikosi na mahali, mathalani 834 KJ (Kikosi cha Jeshi) Makutupora, na barua itafika hata kama mkuu aliyekuwapo amehamishwa wiki iliyopita, na hapatakuwa na cheo cha kukosea. Kama ni lazima umwandikie mtu kwa jina na cheo hukijui, "Ndugu" ingali neno letu la heshima na sijaona mwanajeshi aliyeikataa. Kwa kadi za harusi na za ubarikio hakuna udhuru wowote, kwa sababu kadi huandikwa wiki kadhaa kabla na mwenye jina ana simu. Swali lenyewe ni jepesi: "Samahani afande, kwenye kadi niandike jina na cheo gani?" Atakayetaka cheo kiandikwe atakitaja. Asiyetaka atasema andika jina tu, na hapo usimbembeleze.

Cheo kikishajulikana, kiandikwe kizima. Katika mazungumzo, kwa desturi ya majeshi mengi yaliyorithi mfumo wa Kiingereza, Luteni Kanali huitwa Kanali, na Meja Jenerali huitwa Jenerali, na hakuna anayelalamika. Lakini kwenye karatasi ufupisho huo ni kosa, na kumwandika Luteni Kanali kuwa "Luteni" ni kumrudisha nyuma ngazi tatu kwa kalamu. Wastaafu nao wasisahauliwe. Kwa mazoea yetu maafisa hubaki na vyeo vyao baada ya kustaafu, na magazeti yamezoea kumwandika Kanali mstaafu Abdulrahman Kinana miaka mingi baada ya kuondoka jeshini, wakati Rais mstaafu Jakaya Kikwete, aliyeliacha jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali ulipoingia mfumo wa vyama vingi, hujulikana zaidi kwa wadhifa wa kiraia. Kipi kitangulie ni uamuzi wa mwenyewe na wa shughuli iliyopo. Kwenye mkutano wa kijiji wanaomjua mzee wao kama Afisa Mteule mstaafu waendelee kumwita hivyo, kwa kuwa amekitolea jasho.

Kuna tahadhari moja ambayo sipendi kuiacha. Heshima kwa sare isitufanye tuamini kila sare. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia waliokuwa na mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, na sababu mojawapo ilikuwa ni watu kuyatumia kufanyia uhalifu. Mtu akikujia na mavazi ya mabaka akataka fedha, shamba au binti, unaweza kumwita afande kwa adabu zote na papo hapo ukaomba kitambulisho, au ukamwomba mjumbe wa nyumba kumi awepo. Mwanajeshi wa kweli haoni tusi katika hilo.

Namalizia na ombi kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa magazeti mengine. Jeshi lenyewe likizungumza husema "maafisa na askari", kwa maana ya makundi mawili. Ninyi huandika "askari" kwa wote, hata chini ya picha ya afisa ambaye nyota zake zinaonekana wazi. Neno "mwanajeshi" linawafunika wote na halimkosei mtu. Picha ikija mezani bila cheo cha aliyepigwa, na mwandishi wenu hakuuliza, andikeni "mwanajeshi wa JWTZ" pamoja na jina lake, mkijua kwamba simu moja kwa msemaji wa jeshi asubuhi inayofuata itawapa kilichobaki. Wiki chache zilizopita niliona picha ya uzinduzi wa kisima ambapo mtu yuleyule alikuwa Meja katika habari na Kanali chini ya picha. Sijui mwenyewe aliichukuliaje, ila nakala niliyoisoma ilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, na wateja waliokuwa wakingoja walishaanza kubishana ni kipi kati ya hivyo viwili ni cha kweli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Morogoro.